Chatu wetu amekwama na gamba, bosi anataka nimbandue kwa nguvu

Shangazi, shikamoo.

Naandika kutoka Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha, barabara ya kwenda Namanga. Nafanya kazi kwa mzee mmoja mwenye kibali cha kufuga nyoka wa maonyesho. Watalii wakiwa safarini husimama kwetu, wanaangalia nyoka, wanapiga picha, wanaendelea na njia yao. Mimi ndiye ninayewalisha nyoka, ninayesafisha vizimba na kuwaeleza wageni habari zao. Kazi hii naipenda sana, Shangazi, na katika nyoka wote ninayempenda zaidi ni chatu jike tunayemwita Pendo. Alikuja akiwa mdogo, nikamlea mwenyewe, na sasa anakaribia mita mbili na nusu.

Mwezi huu wa saba baridi imetubana. Huku juu usiku hulali bila mablanketi mawili. Mzee akaleta taa nyekundu, zile za kulelea vifaranga, akaifunga juu ya kizimba cha Pendo, inawaka usiku na mchana. Baridi ikizidi tunaingiza na jiko la mkaa chumbani. Chini tumemwekea maranda kutoka kwa fundi seremala jirani, na maji yake yako kwenye bakuli la plastiki.

Majuzi macho yake yalibadilika, yakawa meupe yenye ubuluu, na rangi ya ngozi ikafifia. Nikajua anataka kujivua gamba, maana nimemwona akijivua tangu mdogo na siku zote gamba linatoka zima. Baada ya siku kadhaa macho yakang'aa. Lakini safari hii gamba lilipoanza kufunguka puani likachanika. Kikatoka kipande cha shingoni, kikatoka cha tumboni, kisha likasimama. Sasa ana mabaka makavu mgongoni. Macho yote mawili yana ukungu, na la kushoto naliona lina mikunjo. Kwenye ncha ya mkia umebaki mzingo wa gamba la zamani, na hiyo ncha naiona imesinyaa kuliko ilivyokuwa. Amekuwa mkali. Nikifungua mlango anapuliza na kurudisha kichwa nyuma. Panya niliyempa hakumgusa.

Jumamosi kuna kundi la wageni. Mzee anasema, "Mbandue hiyo ngozi kwa mkono, pakigoma tumia kibano. Nani atalipa kuangalia nyoka aliyechakaa hivi?" Mwenzangu kazini anasema nimpake mafuta ya kula ili gamba lilainike. Dereva mmoja wa watalii kaniambia kwenye macho nibandike selotepu halafu nivute. Nilifikiria kumlowesha kwenye maji, ila mke wangu kasema beseni lake la kufulia nguo za watoto lisiguswe na nyoka, hata kama mimi ndiye niliyelinunua.

Je, Pendo anaumwa? Nimbandue au nimwache? Na nimwambieje mzee nisionekane mkaidi? Nina watoto wawili, kazi hii ndiyo inayowalisha.

Mimi mwanao,
Mlezi wa Pendo, Ngaramtoni


Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu ya sentensi moja tu, ile ya ncha ya mkia. Nitaifikia. Kwanza lipi lisifanyike: usimbandue. Mkono, kibano, selotepu, vyote viache. Na mzee akikushinikiza leo jioni, mwambie umeandika kuomba ushauri na umeambiwa usubiri.

Mwili wa nyoka unafanya hivi. Ngozi mpya hujengeka chini ya ile ya zamani, na katikati ya hizo mbili huingia majimaji. Hayo ndiyo yaliyofanya macho ya Pendo yawe meupe yenye ubuluu. Ngozi mbili zikishaachana, majimaji hurudi mwilini, macho yanang'aa tena, na siku chache baadaye nyoka husugua pua kwenye kitu kigumu mpaka gamba lifunguke midomoni. Kisha hutambaa na kutoka ndani yake, nalo hubaki nyuma limegeuka ndani nje kama soksi iliyovuliwa kwa haraka. Mjusi kutoa gamba vipandevipande ni kawaida yake. Nyoka mwenye afya, kwenye hewa inayomfaa, hutoa gamba zima, kuanzia midomo mpaka ncha ya mkia, na vifuniko vya macho vikiwemo.

Kazi hiyo yote inahitaji maji, ya mwilini na ya hewani. Yakipungua, gamba la zamani hukauka likang'ang'ania ngozi mpya, na mnyama anapotambaa linachanika badala ya kuteleza. Ukilivuta hapo, unavuta na ngozi changa ambayo bado haijakomaa. Damu itatoka, vidonda vitafuata, na kwenye kidonda wadudu wa maradhi wataingia. Gamba litakalofuata nalo litakwama palepale penye kovu. Mzee atakuwa na nyoka aliyechakaa kila mara, badala ya mara hii moja.

Sasa soma tena barua yako mwenyewe, ile sehemu ya chumba. Taa ya vifaranga usiku na mchana. Jiko la mkaa. Maranda makavu. Bakuli la maji. Hapo ndipo ugonjwa ulipo, kama tutauita ugonjwa. Hewa ya baridi ya Julai inabeba mvuke kidogo. Ukiipasha moto bila kuiongezea maji, inakuwa na kiu, na inafyonza unyevu popote inapoupata, ikiwemo ngozi ya Pendo. Maranda nayo yanafyonza. Mlimpenda mkamkinga na baridi, na hilo lilikuwa sawa kabisa kwa sababu nyoka hajitengenezei joto. Kilichokosekana ni maji.

Jiko la mkaa litoke leo, na lisirudi. Hapa sizungumzi tena juu ya gamba. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Kila msimu wa baridi watu hupoteza maisha kwa kulala na jiko ndani. Itamdhuru Pendo, na wewe unayeingia alfajiri kumwangalia itakudhuru kabla hujajua kinachoendelea.

Taa isogezwe upande mmoja wa kizimba, iwe nje ya wavu mahali asipoweza kuigusa, ili apate upande wa joto na upande wa kupoa. Chatu wa kwetu anaridhika na nyuzi 31 hadi 33 upande wa joto, na nyuzi 25 hadi 27 upande wa pili. Usikisie kwa kiganja. Nenda kwenye maduka ya pembejeo mjini, waambie unataka kile kipimo cha mashine ya kutotolea vifaranga, kinachosoma joto na unyevu kwa pamoja. Wafuga kuku wanakitumia kila siku na bei yake si ya kutisha. Hapohapo ulizia na themostati, itakuzimia taa joto likitosha. Kipimo chako kisome unyevu wa asilimia 50 hadi 60 siku za kawaida, na karibu asilimia 70 anapoanza kufifia rangi. Nadhani ukikiweka leo kitakusomea chini ya hapo sana, na namba hiyo ndiyo utakayomwonyesha mzee.

Kupandisha unyevu si kazi ngumu. Badili bakuli, weka karai kubwa ambalo Pendo anaweza kuingia akajikunja lote, na liwe karibu na upande wa joto ili maji yapande hewani taratibu. Kama juu ya kizimba ni wavu mtupu, funika kiasi cha nusu yake kwa ubao mwembamba au nailoni nzito, mbali na taa, ukiacha hewa ipite. Maranda yatoe. Kama yana mbao zenye harufu kali, mwerezi kwa mfano, yatoe hata angekuwa mzima, maana mvuke wa mafuta ya mbao hizo unamwasha mapafu. Weka magazeti kwa sasa, yanabadilishika upesi na yanakuonyesha uchafu. Asubuhi na jioni nyunyizia kuta za kizimba kwa bomba la maji, lakini liwe bomba jipya. Lile lililowahi kubeba dawa ya mahindi au ya nyanya lisiingie humo hata ulioshe mara ngapi.

Mtengenezee pia chumba cha unyevu: sanduku la plastiki lenye mfuniko, tundu moja la kumtosha kupita, ndani matambara safi yaliyoloweshwa na kukamuliwa. Ataingia mwenyewe akilihitaji. Yabadilishe kila siku. Ila kizimba kizima kisigeuke kinamasi, kwa sababu nyoka anayelala kwenye umajimaji siku nzima huota malengelenge na magamba ya tumboni huanza kuoza. Hewa iwe na unyevu, sakafu iwe kavu.

Na mpatie kitu cha kujisugulia. Kizimba cha kioo na mbao laini hakimsaidii kitu. Huko kwenu mawe ya Meru yamejaa kila mahali, na mashamba ya kahawa hayako mbali. Chagua jiwe lenye mkwaruzo usio na makali, au kisiki cha mkahawa kilichong'olewa, ukisugue kwa maji na kukianika juani siku nzima. Kiweke pasipoweza kumwangukia.

Tuje kwa Pendo mwenyewe. Umenitajia mabaka, macho na mkia, ukaviweka sawa. Havilingani.

Mkia ndio usiongoja. Mzingo wa gamba kavu kwenye ncha hukaza kadiri unavyokauka, na damu haipiti vizuri. Kusinyaa ulikokuona ni ishara ya mwanzo. Ukiachwa, ncha inageuka nyeusi, inakauka na kukatika, na maambukizi yanaweza kupanda juu. Kwa hiyo kesho ianze na mkia.

Fanya mchana, chumba kikiwa na joto, na muwe wawili. Chatu wa zaidi ya mita mbili hashikwi na mtu mmoja, hata kama umemlea mwenyewe, na sasa hivi haoni vizuri. Ule ukali unaoulalamikia ni woga. Macho yana ukungu, anasikia mtikisiko wa mlango, anaona kivuli kinachomjia, anajitetea. Mwenzako ashike kichwa na shingo kwa upole, wewe uchukue mkia. Loweka kitambaa laini kwenye maji ya uvuguvugu, kizungushe kwenye ncha bila kukaza, ukae hivyo dakika kumi hadi kumi na tano ukikirudishia maji. Kisha, kitambaa kikiwa palepale, bonyeza kidogo kwa kidole gumba na kuviringisha kuelekea nchani. Gamba lililolainika linajikunja lenyewe na kuteleza. Angalia kama chini yake kuna jingine, wakati mwingine hukaa tabaka mbili au tatu za misimu iliyopita bila mtu kutambua. Likigoma, acha, rudia kesho yake. Kesho kutwa likiwa bado, mpigie daktari wa mifugo.

Mabaka ya mgongoni yatatoka kwa maji na subira. Tafuta sanduku kubwa la plastiki lenye mfuniko wa kufunga, litoboe matundu ya hewa. Mimina maji yafike nusu ya unene wa mwili wake, basi, asilazimike kuogelea wala kunyanyua kichwa muda wote. Joto la maji ni nyuzi 28 hadi 30. Zingatia hili kwa sababu wengi huunguza nyoka hapa: maji yanayokufurahisha wewe kuogea ni moto mno kwake. Ukitumbukiza kifundo cha mkono uyahisi yamepoa kidogo, hayo ndiyo. Muache humo dakika ishirini hadi thelathini, na usiondoke hata kwenda kupokea simu.

Akitoka, chukua taulo lenye unyevunyevu, lizungushe mwilini mwake kwa mkono uliolegea, umwache atambae apite katikati. Yeye ndiye asogee, mkono wako utulie. Magamba yamelala kuelekea mkiani, kwa hiyo akienda mbele taulo linasugua upande unaotakiwa. Usirudishe nyuma, utayainua. Utaona kingo za mabaka zinaanza kujiviringa, na vipande vitabaki kwenye taulo. Visivyotoka viache. Mpe siku moja ya kupumzika, kisha rudia. Wenye chatu wakubwa wengi hupenda njia nyingine, kumweka kwenye sanduku lenye mataulo mawili matatu yaliyoloweshwa bila maji ya kuelea, akajipenyeza humo saa nzima mahali penye joto huku mtu akimtazama. Kwa Pendo aliyekasirika, mimi ningeanza na hiyo. Anajisugua mwenyewe bila kushikwashikwa.

Mafuta ya kula mwambie mwenzako ayarudishe jikoni. Hayampi ngozi maji hata tone, na yatamkusanyia vumbi na uchafu wa kizimba mpaka ashindwe kusafishika.

Macho sasa. Nyoka hana kope za kufumba. Jicho lake limefunikwa na gamba moja la uwazi, ambalo nalo hujivua pamoja na mengine. Je, ulivihifadhi vile vipande vilivyotoka? Tafuta kile cha kichwa, kikunjue taratibu kwenye maji, ukishike kuelekea dirishani. Penye jicho ukiona kiduara kizima chenye kung'aa, kifuniko kimetoka, na mikunjo unayoiona kwenye jicho la kushoto huenda ni upungufu wa maji mwilini. Ukiona tundu tupu, kifuniko kimebaki jichoni.

Na kikibaki, usikiguse. Najua dereva wa watalii alikuwa na nia njema, lakini selotepu haichagui inachokivuta. Chini ya kifuniko cha zamani kuna kipya, na chini ya hicho ndiyo kuna jicho. Kipya kikichanika jicho linakauka na kuoza, na hakuna dawa ya kulirudisha. Kifuniko kimoja kilichobaki mara nyingi hutoka chenyewe kwenye gamba linalofuata, unyevu ukiwa umerekebishwa. Nyoka anavumilia. Avumilie na mlezi wake. Kikirundikana cha pili juu ya cha kwanza, au jicho likivimba au kutoa usaha, hiyo ni kazi ya daktari mwenye vifaa.

Umeuliza kama anaumwa. Kwa ulichonieleza, sidhani, na kukataa panya siku hizi ni kawaida kabisa. Usimpe tena chakula mpaka gamba liishe. Lakini mkague mambo machache ukiwa umemshika kwa ajili ya mkia. Tazama chini ya kidevu, pembeni ya macho na kwenye maji ya karai asubuhi: vidoa vyeusi vidogo vinavyotembea au vilivyozama ni utitiri, na utitiri unatosha peke yake kuharibu gamba. Chatu hupata na kupe pia, wakijibanza katikati ya magamba. Ukivikuta, usimnyunyizie dawa ya kuogeshea ng'ombe, inaweza kumuua. Sikiliza pumzi yake. Akipumua mdomo wazi, akikoroma, au povu likionekana puani, kifua kimeingiliwa na baridi na hapo tumevuka mpaka wa taulo na maji.

Nakuomba pia, kwa uzoefu wangu wa kukaa na wafugaji Kilimanjaro na Arusha, usiende duka la dawa ukanunua oksitetrasaiklini, antibiotiki ya ng'ombe, na kumchoma sindano kwa kukadiria. Nimeiona tabia hiyo kwa mbwa, kwa sungura, kwa kasuku, na inaniuma kila mara. Mnyama anayefuata joto la nje hasagi dawa kama ng'ombe. Mpigie daktari wa mifugo wa wilaya, mtumie picha za mkia na macho, muulize wazi kama amewahi kushika nyoka, na kama hajawahi akuelekeze kwa aliyewahi. Mkoa wenu una watu hao kuliko mikoa mingi: makao makuu ya taasisi ya utafiti wa wanyamapori, TAWIRI, yako Arusha. Bustani ya nyoka ya Meserani nayo iko barabara ya Dodoma, kama kilomita 25 kutoka mjini, na watumishi wake wanaishi na nyoka kila siku. Panda gari siku yako ya mapumziko, nenda ukamsalimie mmoja wao, uone vizimba vyao vimepangwaje. Kazi hii hujifunzwa kwa macho.

Kuhusu beseni, mke wako ana haki kabisa, hata ungekuwa umelinunua mara mbili. Nyoka mzima kabisa anaweza kubeba vijidudu vya kuharisha, salmonela, tumboni na kwenye ngozi, na watoto wadogo huathirika vibaya. Vifaa vya Pendo viwe vya Pendo: sanduku, karai, mataulo, vyote vibaki kazini na kuoshwa hukohuko, maji yasimwagwe kwenye sinki la vyombo. Nawa kwa sabuni, badili shati kabla hujambeba mtoto. Mwambie na mama watoto kwamba Shangazi amesema hivyo, atafurahi.

Limebaki la mzee, na naona ndilo lililokunyima usingizi. Usimwendee mbele ya wenzako, na usianze kwa kumwambia taa yake ndiyo iliyoharibu. Mfuate asubuhi akiwa ametulia, msalimie, mwombe aje mwone pamoja. Mwonyeshe ncha ya mkia kwa karibu, halafu namba kwenye kipimo. Kisha sema: "Mzee, naomba Pendo apumzike mpaka gamba liishe. Tukimvuta sasa tunaweza kupoteza jicho au mkia, na huyo hatutamwonyesha kwa mtu tena. Nikipewa wiki mbili, sanduku na kipimo, nitamrudisha akiwa anang'aa." Mwenye biashara anaelewa hasara. Chatu wa umri huo mwenye kibali, aliyezoea watu, hapatikani sokoni Kilombero.

Jumamosi wageni wasikose cha kuona. Waonyeshe nyoka wengine, na habari ya Pendo uwasimulie ukiwa nje ya kizimba chake, vipande vya gamba mkononi, vikiwemo vile vya tumboni vyenye mistari mipana ya magamba. Wengi hawajawahi kukigusa kitu hicho maishani. Watakuuliza maswali mpaka dereva aanze kupiga honi.

Na kuhusu kumvisha mgeni chatu shingoni, mwanangu, mita mbili na nusu ni chatu mwenye nguvu za kumzidi mtu mzima aliyepaniki. Siku za gamba ni marufuku kabisa, na hata siku nyingine mimi nisingeruhusu. Mgeni apige picha mbele ya kizimba. Mlinde na mzee wako na kesi.

Kwa wasomaji wengine, maana najua simu zitaanza kulia: msikamate chatu shambani mkaanza kumfuga. Kijana huyu yuko chini ya kibali. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumiliki mnyamapori bila kibali, na chatu wote wako kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Akionekana kwenye banda la mbuzi au kisimani, kaeni mbali, mpigieni afisa wanyamapori wa wilaya au TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Akiachwa, huko porini anajivua gamba bila msaada wa mtu, kwa sababu ana mto, ana shimo lenye unyevu na ana mawe.

Wewe, Mlezi wa Pendo, andika kwenye daftari tarehe ya leo, namba ya unyevu na hali ya mkia, na uendelee kila siku mpaka gamba linalofuata. Likitoka, liloweke, ulikunjue, ukague macho na ncha ya mkia kabla hujamlisha. Niandikie limekuwaje. Ila ukiona ncha imeanza kuwa nyeusi, usinisubiri mimi wala Jumamosi. Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, kwenye sanduku lenye matundu, umemfunika taulo asipigwe na upepo wa barabarani.